Haidroliki ya trekta la mtumba: maswali ninayoulizwa kabla mtu hajatoa hela

Malipo ya tumbaku yakianza kuingia, simu yangu haitulii. Mmoja yuko Nzega, mwingine Kaliua, wa tatu ameshapanda basi kwenda kuangalia trekta mkoa wa jirani, na wote wanauliza yale yale. Mimi ni fundi hapa Tabora, na msimu wa mvua nalimia watu kwa kukodishwa. Kwa hiyo nimeonja pande zote: nimewahi kuuziwa haidroliki mbovu, na nimezifungua nyingi ambazo wenzangu waliuziwa. Majibu nimeyaweka hapa ili mtu asome akiwa bado na hela mfukoni.

Nikisema haidroliki namaanisha kama tunavyosema gereji: mikono ya nyuma inayonyanyua plau, pamoja na pampu, valvu, silinda na oili yake. Usukani na tela la kudampo vina maswali yao huko chini.

Fundi, roho ya trekta ni injini. Mbona wewe unaanza na haidroliki?

Kwa sababu injini mbovu haina siri. Inatoa moshi, inagoma kuwaka asubuhi, inapumua kwenye kifuniko cha oili, na kila mnunuzi ana shemeji anayejua kuisikiliza. Haidroliki mbovu inaweza kukudanganya saa nzima. Muuzaji anashika wenzo, mikono inapanda, inashuka, inapanda tena kama askari wa gwaride, nawe unaridhika. Lakini mikono mitupu haina uzito wowote wa maana, na hata pampu iliyokwisha inaipandisha. Tena oili ikiwa baridi ni nzito, inaziba kwa muda mianya yote iliyolika ndani ya pampu na kwenye sili. Trekta hilo hilo likifanya kazi saa mbili, oili ikapata moto na kuwa nyepesi, plau inabaki chini.

Ndiyo maana mimi naliamini trekta lililonibebea mzigo likiwa la moto. Mengine yote utakayosoma hapa yanazunguka hapo hapo.

Halafu fikiria ardhi yetu. Igunga na Nzega kuna mbuga, ule udongo mweusi ambao ukilowa unashika plau kama gundi. Ukifika mwisho wa shamba, haidroliki ikikataa kunyanyua, hugeuzi. Urambo na Sikonge kuna visiki vya miombo chini ya udongo, na ukigonga kimoja unatakiwa kupandisha diski papo hapo. Huku kwetu haidroliki si pambo.

Niende na nini?

Fundi unayemwamini wewe, asiwe wa muuzaji. Kitambaa cheupe, tochi, chaki, futi kamba, spana ya nati ya kumwagia oili, kipande cha boksi, na chupa mbili ndogo za plastiki zinazoona ndani. Moja iwe na oili mpya ya trekta ya aina ya UTTO, yaani ile inayotumika kwenye gia na haidroliki kwa pamoja, nyingine iwe tupu. Kazi ya chupa utaiona kwenye oili.

Nenda asubuhi. Mwambie muuzaji asiliwashe mpaka ufike.

Nimefika nikakuta linaunguruma tayari. Kuna ubaya?

Inawezekana alikuwa anataka tu kukupokea vizuri. Inawezekana pia aliliwasha kwa kusukumwa. Kwa upande wa haidroliki umepoteza nusu ya kipimo: hujalisikia likiwa baridi. Omba lizimwe, kanywe chai, ukae saa kadhaa, au urudi kesho yake.

Oili inaweza kunieleza nini?

Mengi kuliko mwenye mali. Kwenye matrekta mengi yanayozunguka huku, hasa Massey Ferguson za zamani, oili ya haidroliki ndiyo hiyo hiyo inayolainisha gia na difu. Ni bwawa moja, lita 30 na zaidi, na uchafu wa kila upande unaishia humo, na pampu inaunywa.

Chomoa dipstiki kabla ya kuwasha, uifute kwenye kitambaa cheupe. Rangi ya maziwa au chai ya maziwa ni maji. Kwetu maji huingia kwa njia rahisi sana: mpira wa gia umepasuka, trekta limelala nje kuanzia Novemba mpaka Aprili, mvua imenyeshea juu ya gia. Kwa hiyo ukiona mpira wa gia umechanika, usisubiri dipstiki ikuambie. Kama maji ni machache rangi haibadiliki sana. Hapo chukua tone moja dogo ulidondoshee bomba la moshi likiwa la moto. Oili safi itatoa moshi tu. Yenye maji itatatarika kama kitunguu kibichi kwenye mafuta.

Njia ya uhakika zaidi, ukiruhusiwa: trekta likiwa limelala usiku kucha, legeza nati ya kumwagia iliyo chini kabisa, polepole, na ukinge. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo yanakaa chini na ndiyo yatakayotangulia kutoka. Kikombe kizima cha maji kikitangulia, jua vyuma vya ndani vimeshaanza kula kutu, na valvu za haidroliki hazipendi kutu hata chembe.

Tazama na hiyo nati yenyewe. Nyingi zina sumaku. Unga laini wa kijivu kama majivu ni kawaida ya chuma kusuguana miaka mingi. Vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha si kawaida.

Sasa zile chupa. Iko hila ya zamani: pampu imechoka, muuzaji anamwaga oili inayotakiwa, anajaza oili nzito ya gia, namba 140 au hata zaidi. Uzito ule unaziba mianya na mikono inapanda vizuri siku ya kuonyesha. Chukua oili kidogo ya trekta, itie kwenye chupa tupu, shika chupa zote mbili na uzilaze kwa pamoja. Ile ya trekta ikitambaa kama asali wakati yako mpya inakimbia, umeshajua kwa nini haidroliki yake ni nzuri. Sisi watu wa Tabora tunaijua asali. Hapo hakuna wa kutudanganya.

Harufu ya kuungua, maana yake imepikwa muda mrefu. Mapovu baada ya kufanya kazi, maana yake pampu inavuta hewa mahali fulani, au oili imepungua.

Nimeona silikoni mpya inang'aa kwenye kifuniko cha juu cha haidroliki. Ni dalili njema au mbaya?

Ni dalili kwamba kulifunguliwa, basi. Uliza kwa upole: kilifunguliwa lini, kwa nini, nani alifungua, na sili za zamani ziko wapi? Mtu aliyetengeneza kweli huwa na jibu lenye majina ya vitu: "Tulibadili ringi za pistoni na oringi mbili." Aliyefunga ili auze atakwambia "ilifanyiwa sevisi". Angalia pia vichwa vya boliti. Vikiwa vimeliwa kona zote, waliofungua walikuwa na haraka kuliko vifaa.

Na kagua ganda lenyewe kama lina nyufa au limechomelewa, hasa kuzunguka pale mikono inapoingilia. Ganda lililochomelewa huko mimi siligusi.

Haya, nalijaribuje kunyanyua?

Funga kitu kizito. Plau ya diski tatu ndiyo inayofaa, kwa sababu ndiyo utakayoifanyia kazi. Kwanza kabisa ondoa watoto na wapita njia, na kuanzia hapo mpaka mwisho asiwepo mtu wala mguu wa mtu chini ya plau. Haidroliki unayoichunguza ni ile ambayo huijui. Usiiweke rehani mguu wako.

Likiwa bado baridi, weka resi ya kati, kama mizunguko 1500 kwa dakika, pandisha mpaka juu. Mimi nataka ipande moja kwa moja ndani ya sekunde tatu hadi tano, bila kusita katikati na bila kushtuka. Shusha. Pandisha tena kwa resi ya chini kabisa. Pampu nzima inanyanyua hata injini ikiwa inanong'ona, ila kwa kuchelewa. Inayohitaji resi kubwa ndipo ikubali, inavujisha ndani.

Simamisha plau katikati, siyo juu kabisa. Piga mstari wa chaki kwenye mkono mmoja au pima kwa futi kamba kutoka ardhini, andika, kisha zima injini. Kaa pembeni. Hapa watu wengi wanaharibu kwa sababu wanaona aibu kumsubirisha muuzaji. Usione aibu. Trekta la miaka mingi likishuka upana wa vidole viwili kwa dakika kumi, mimi nalivumilia. Likigusa ardhi kabla ya dakika mbili, liko tatizo ndani: ringi au sili za pistoni ya silinda, oringi ya bomba linalotoa oili kwenye pampu, au valvu.

Baada ya hapo ombeni kulima. Jirani yeyote atafurahi kulimiwa bure, na dizeli utanunua wewe. Lima saa nzima au zaidi, mpaka ukiweka kiganja kwenye ganda la haidroliki uweze kuvumilia sekunde chache tu. Halafu rudia yote ya mwanzo: muda wa kupanda, resi ya chini, chaki, dakika kumi. Linganisha namba za baridi na za moto. Tofauti ndogo ni ya kawaida. Kama baridi lilipanda kwa sekunde nne na moto linachukua kumi, au linagoma kabisa kwa resi ya chini, pampu yake iko ukingoni.

Muuzaji anasema plau iko shamba, au hana kabisa.

Tafuta mapipa. Pipa la lita 200 likijaa maji ni kilo 200 za maji peke yake. Mawili juu ya fremu imara iliyofungwa kwenye mikono yote, yakakazwa kwa cheni, ni zaidi ya kilo 400, na huo ni uzito wa maana. Magunia manne ya mahindi ya kilo mia mia yatafanya kazi hiyo hiyo. Usikubali ile ya vijana watatu kusimama juu ya mikono. Ni hatari, na uzito wao haufiki popote: hata trekta dogo la rika la MF 135 lilitoka kiwandani likiweza kunyanyua zaidi ya tani moja.

Muuzaji anayekataa mapipa, anayekataa magunia na anayekataa shamba, mshukuru kwa chai.

Linanyanyua vizuri, lakini plau ikiwa juu inatikisatikisa kichwa. Mwenye trekta anasema ni injini tu inatetema.

Siyo injini. Kutikisa kichwa ni hivi: mzigo unashuka kidogo kwa sababu oili inavuja mahali; wenzo unaotunza kimo unahisi kwamba mikono imeshuka; valvu inafunguka, pampu inasukuma oili, mikono inarudi juu; kisha inavuja tena. Trekta linakubali kila kitu, kama mzee aliyesinzia kwenye kikao.

Hesabu kwa saa. Likitikisa mara moja kwa dakika na plau nzito, liko mwanzo wa safari. Likitikisa kila sekunde chache, uvujaji ni mkubwa na pampu haipumziki, oili inapata moto bila sababu. Jambo la kutia moyo ni kwamba kutikisa kichwa kunaonyesha pampu bado ina nguvu ya kurudisha mzigo, na mara nyingi ugonjwa uko upande wa sili, ringi na oringi, ambavyo ni vya bei ndogo. Kazi ndiyo kubwa, maana kifuniko cha juu kinabeba silinda na mikono, hakinyanyuliwi na watu wawili. Sisi tunakinyanyua kwa cheni chini ya mwembe. Ukikuta silinda yenyewe imechubuka kwa kutu, hapo gharama inapanda.

Kwa hiyo kutikisa kichwa peke yake hakunifanyi niondoke. Kunanifanya nizungumze bei.

Limekataa kabisa kunyanyua. Pampu imekufa?

Taratibu. Kabla hujaizika pampu angalia vitu vinne, na cha kwanza kinawaumbua hata mafundi.

Kwenye Massey Ferguson za rika la 135, 165 na 240, pampu iko ndani ya tumbo la trekta na inazungushwa na shafti ya PTO, ile inayopeleka nguvu ya injini nyuma kuendesha mashine. Wenzo wa PTO ukiwa katikati, pampu haizunguki. Na ukiuweka upande wa kufuata magurudumu, itazunguka pale tu trekta linapotembea. Nimewahi kuona trekta zima linashushwa bei kwa sababu mtoto alikuwa amecheza na wenzo ule. Zile zenye klachi ya hatua mbili pia, ukikanyaga mpaka chini kabisa, pampu inasimama. Dereva anayenyanyua plau huku amekanyaga klachi yote ataapa kwamba haidroliki ni mbovu. Kwenye matrekta mengi ya kisasa pampu inaendeshwa na injini moja kwa moja, kwa hiyo haya hayahusu.

Cha pili, nyenzo mbili za haidroliki: mmoja ukiwa umeachwa chini unaweza kuuzuia mwingine. Weka zote juu. Cha tatu, kimo cha oili. Cha nne, chujio la pampu, ambalo huziba kwa matope na nyuzi za vitambaa vya mafundi wachafu.

Vyote vinne vikiwa sawa na bado haipandi, basi pampu au valvu yake. Na mimi trekta lisilonyanyua kabisa nalinunua kwa bei ya trekta lisilo na haidroliki, hata muuzaji aape kwamba ni "oringi tu ya elfu mbili". Kama ni ya elfu mbili, kwa nini hajaiweka?

Kelele zina maana gani?

Mlio wa kulia kama nyuki waliokasirika, hasa likiwa baridi, halafu unapungua likipata moto: pampu inahangaika kuvuta oili. Chujio limeziba, au oili ni nzito mno, au imepungua. Ukiendelea kulia hata likiwa la moto, tafuta inapovutia hewa, au pampu imelika.

Mlio mkali kama filimbi mzigo unapofika mwisho au ukiwa mzito kupita kiasi ni valvu ya usalama inafunguka. Hiyo ni kazi yake. Ikipiga filimbi kwa plau ya kawaida tu, imelegea au uchafu umeishika.

Kugonga kwa chuma kila pampu inapoanza kusukuma, sijawahi kuona kukiisha vizuri.

Ule wenzo wa pili ni wa nini? Madereva wengi hawaugusi.

Ni wa kuhisi ugumu wa ardhi. Harry Ferguson, yule wa Ireland, ndiye aliyeufikiria mfumo huu wa kufunga plau kwa pini tatu, na trekta la Ford 9N la mwaka 1939 ndilo lililoutawanya duniani. Plau ikikutana na ardhi ngumu inasukuma toplinki (ule mkono wa juu wa katikati unaoshika plau) mbele, springi inabonyea, haidroliki inapandisha plau kidogo, tairi haziserereki. Kwenye kichanga cha Urambo hutauona sana umuhimu wake. Kwenye mbuga utauona.

Kuukagua ni rahisi. Shika kiungo kinachopokea toplinki nyuma ya trekta, ukivute na kukisukuma kwa nguvu. Kisicheze. Kikicheza mbele na nyuma, springi imevunjika au nati yake imelegea, na mzigo utakuwa unashtuka wakati wa kulima. Ni tengenezo la wastani.

Usukani wa haidroliki naupimaje?

Simama kwenye ardhi kavu, injini taratibu, zungusha mpaka mwisho kulia, kisha kushoto. Ukifika mwisho usiushikilie zaidi ya sekunde mbili, presha yote inakuwa imefungiwa. Uzito kidogo kwa resi ya chini ni wa kawaida. Ongeza resi na uwe mwepesi. Rudia likiwa la moto baada ya kulima. Kisha piga tochi kwenye fimbo ya silinda ya usukani: ikiwa na vidoa vya kutu au michubuko, sili utakayoweka leo itakatwa kesho. Mchezo kwenye viungo vya magurudumu ni jambo jingine, usimlipe fundi wa haidroliki kwa hilo.

Nataka la kubebea matofali na tumbaku kwa tela la kudampo. Kuna la ziada?

Lipo, na ni muhimu kwa sababu hela nyingi za trekta huku zinatoka kwenye tela, siyo kwenye plau.

Nyanyua tela likiwa na mzigo, simamisha nusu, zima injini, tazama. Usiingie chini yake hata kuokota spana. Likishuka, angalia fimbo ya jeki. Ikiwa imelowa oili, sili ya jeki imekwisha, na hilo ni tatizo la tela. Kwenye jeki ya kawaida ya tela, inayosukumwa na oili upande mmoja tu na kurudi kwa uzito, oili inayopita sili lazima utaiona nje. Fimbo ikiwa kavu na tela bado linashuka, oili inarudi kupitia valvu ya trekta, na hilo ni la kwako mnunuzi.

Kitu ambacho wengi hawakifikirii: jeki ya tela inakunywa oili kutoka kwenye trekta. Tela likiwa juu, lita kadhaa zimehamia huko. Trekta lenye oili pungufu litaanza kuvuta hewa katikati ya kudampo na mikono itaanza kutetema. Pima dipstiki kabla, na ulielewe hilo kabla ya kulaumu pampu.

Na tela za kuazimana zinasambaza magonjwa. Viunganishi vya mipira ya haidroliki vinaburuzwa kwenye vumbi, vinafungwa bila kufutwa, mchanga unaingia. Tena tela lililotoka kwenye trekta lenye maji kwenye oili linakuletea maji yale. Viunganishi visivyo na kofia, vyenye udongo ndani, vinakueleza tabia ya dereva aliyelitumia.

Nimeona oili inachuruzika kwenye mpira wa haidroliki. Niupapase nijue unapovujia?

Hapana, hata kidogo. Oili ya presha inayotoka kwenye tundu dogo kama sindano inapenya ngozi na kuingia mwilini, na jeraha linaweza kuonekana kama kitone tu. Ndani inaua nyama. Mtu aliyepigwa hivyo apelekwe hospitali saa hiyo hiyo na aeleze wazi kwamba ni oili ya haidroliki, asisubiri uvimbe. Tumia lile boksi: pitisha karibu na mpira, tazama linapolowa. Mipira iliyovimba au iliyopasuka mpaka waya unaonekana ibadilishwe. Uzuri wake inauzwa na inabanwa mjini.

Geji ya presha ni lazima?

Kama unaweza kuipata, ndiyo kauli ya mwisho. Inafungwa kwenye tundu la haidroliki la nje na fundi anayejua, kwa sekunde chache tu. Matrekta mengi ya zamani yanacheza kati ya psi 2500 na 3000 (bar moja ni psi 14.5, geji nyingine zinasoma hivyo), lakini namba halisi itoke kwenye kitabu cha modeli hiyo. Geji isomeke hata kiasi cha psi 4000 ili isipasuke usoni kwako.

Utamu wa geji uko kwenye resi. Presha ikiwa chini na inapanda kadri unavyoongeza resi, pampu inavujisha au oili inapotea njiani. Ikiwa chini na haibadiliki hata ukanyage vipi, valvu ya usalama inafunguka mapema. Ya kwanza ni ghali. Ya pili inaweza kuwa springi.

Muuzaji anasema "limetoka Uingereza juzi tu", rangi mpya kabisa.

Rangi inauzwa kwa lita. Sisi wa mkoa wa Tabora tunapaswa kuwa wajuzi wa hili kuliko watu wote: ule mradi mkubwa wa karanga wa Waingereza, uliofutwa mwaka 1951, Urambo ilikuwa moja ya sehemu zake, pamoja na Kongwa na Nachingwea. Ulianza kwa mashine chakavu za jeshi, nyingine zikiwa zimesafirishwa kutoka Ufilipino baada ya vita. Nyingi zilikufa mapema. Serikali nzima ilinunua bila kulima saa moja.

Kuja kutoka nje si kosa, lakini trekta lililokaa bandarini na njiani miezi mingi sili zake zimekauka. Zitaonekana nzima kwa wiki moja.

Wewe mwenyewe uliuziwa vipi?

Nilikwenda jioni, nikiwa nimechoka, na hela nimeshaifunga kiunoni. Makosa matatu kwa pamoja. Lilikuwa la moto, nikafurahi, kwa sababu nilijua habari ya moto; sikujua kuwa limejazwa oili nzito kama lami. Mikono mitupu ilipanda. Nikaambiwa plau iko kwa mjomba. Nikaendesha mpaka nyumbani usiku kwa furaha, nikasevisi kesho yake kama mtu mwema, nikaweka oili inayotakiwa. Plau haikunyanyuka tena. Yaani nililiharibu kwa kulitunza. Aliyeniuzia nilipompigia alisema lilipokuwa kwake lilikuwa zima, na sikuweza kubisha. Chupa mbili nilianza kuzibeba baada ya hapo.

Nikigundua ubovu, niombe punguzo kiasi gani?

Usitaje hisia, taja vitu. Kabla ya kwenda, pita maduka ya vipuri uandike bei ya pampu, seti ya sili na ringi, chujio, na oili lita zote kwa pamoja, maana oili peke yake inauma. Ongeza ufundi, na siku ambazo trekta litalala msimu wa kulima. Mwonyeshe karatasi. Mimi nikiwa na shaka kati ya oringi na pampu nahesabu pampu. Ikitokea ni oringi, hiyo ni bahati yangu, na yeye alikuwa na nafasi ya kufungua kabla sijafika.

Karatasi je?

Kadi halisi ya usajili, siyo nakala; namba ya chasi ilingane. Trekta la mkopo kadi yake mara nyingi inashikiliwa na aliyekopesha. Mkataba uandikwe mbele ya mashahidi, na haidroliki itajwe humo kwa maneno: inanyanyua nini, ilijaribiwa lini.

Nimeshanunua, na sasa linashuka. Nianze wapi bila kufilisika?

Anza na cha bei ndogo. Mwaga oili yote likiwa la moto, safisha chujio, jaza oili sahihi mpaka alama, badili mpira wa gia. Lima siku mbili. Likiendelea, fuatilia uvujaji wa nje kwa boksi. Halafu oringi za bomba la kutoka kwenye pampu, halafu ringi na sili za pistoni ukishafungua kifuniko, na ukikifungua badili zote hata zile zinazoonekana nzima, maana mwembe hauvutii mara mbili kwa bei moja. Pampu iwe ya mwisho, na ukiitoa mpelekee fundi aipime kabla hujanunua nyingine. Wakati wote huo, kila ukimaliza kazi shusha plau chini. Nyingi za sili hizo ziliuawa na plau zilizoachwa juu usiku kucha.